Kisigino kinachouma alfajiri: nianze na tepu, au nilipie mashine ya mawimbi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza vitenge Kariakoo, nasimama dukani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Huu ni mwezi wa tano kisigino cha kulia kinanitesa. Nikiamka alfajiri kwenda kutia udhu, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari, naenda nimeshika ukuta. Baada ya dakika kumi kinatulia, mchana najikongoja, jioni kinarudi. Nilipiga eksirei nikaambiwa mfupa umeota kisiginoni. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa. Nikachomwa sindano ya kisigino, nikapata nafuu wiki kama tano, kikarudi vilevile. Sasa kliniki moja inanishauri mashine ya mawimbi ya mshtuko, vipindi vitatu, na fedha wanazotaka ni kodi yangu ya nyumba ya miezi miwili. Mdogo wangu anacheza mpira, yeye anasema nifunge tepu tu kama wachezaji. Nina presha, natumia dawa. Sukari walipima iko sawa. Je, mashine inavunja huo mfupa? Tepu ni tiba au mapambo? Nianze na ipi?"*

Pole sana, dada yangu. Miezi mitano ya kushika ukuta kila alfajiri ni mingi, na ninaelewa kwa nini uko tayari kutoa kodi ya miezi miwili ili hili liishe. Kabla hujaitoa, nisikilize kwanza.

Nianze na lile la mfupa, maana ndilo linalokutisha: hapana, mashine haivunji mfupa ulioota, na haina haja ya kuuvunja. Wagonjwa wengi huja kwangu na eksirei mkononi kama vile wamebeba hukumu. Huo mfupa mdogo uliochongoka mbele ya kisigino, wengine huuita mwiba, hukutwa pia kwa watu wazima wengi ambao visigino vyao havijawahi kuuma hata siku moja. Na wapo wenye maumivu kama yako ambao eksirei yao haina mwiba wowote. Mgonjwa akipona, ukimpiga picha tena, mwiba utaukuta palepale. Kwa hiyo eksirei yako ilikuwa na faida moja kubwa, kusaidia kuondoa shaka ya magonjwa mengine ya mfupa. Chanzo cha maumivu yako tukitafute kwingine.

Kwa maelezo uliyonipa, kinachouma kwa uwezekano mkubwa ni fashia ya unyayo. Huu ni utando mgumu kama mkanda wa turubai. Umeshikizwa chini ya mfupa wa kisigino, upande wa ndani, ukapita chini ya uvungu wa mguu hadi kwenye mashina ya vidole. Fanya jaribio hili sasa hivi: simama, mwambie mtu akuinulie kidole gumba cha mguu kwenda juu. Utaona uvungu wa mguu unapanda wenyewe. Daktari mmoja wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza jambo hilo mwaka 1954 akalifananisha na winchi. Wewe wa Dar es Salaam umeziona winchi za bandarini: kamba ikizungushwa kwenye roda, mzigo unainuka. Kila hatua unayopiga, kisigino kikiacha sakafu na vidole vikikunjika, fashia inavutwa namna hiyo. Sasa hesabu hatua zako za kutwa kati ya duka na stoo, uongeze saa kumi za kusimama.

Usiku unapolala, vidole vya mguu huelekea chini, na fashia hupumzika ikiwa imelegea na kufupika. Alfajiri unashuka kitandani, uzito wote wa mwili unaishukia kwa ghafla, tena juu ya vigae, miguu peku. Ndiyo msumari wako huo. Ukishatembea kidogo inanyumbuka, maumivu yanatulia, na jioni yanarudi kwa sababu imebebeshwa mzigo siku nzima.

Kuna jambo lingine ambalo limetupotosha hata sisi tunaotibu. Kwa miaka mingi tuliamini kuwa fashia hii imevimba kwa joto la ugonjwa, ndiyo maana dawa za kuondoa uvimbe zikawa kimbilio. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza vipande vya fashia vya wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Walichokiona zaidi ni nyuzi zilizochakaa na kuvurugika, bila dalili za uvimbe wa kawaida. Tishu iliyochakaa kwa mzigo haiponi kwa kidonge. Na kwako wewe diklofenaki ina hatari ya ziada: inaweza kupandisha presha, inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na zikichanganyika zinaweza kuumiza figo. Tafadhali iache, na umwambie daktari anayekuandikia dawa za presha kwamba ulikuwa ukiitumia.

Sindano nayo, ikiwa ilikuwa ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kama ninavyohisi, ilifanya kile inachokifanya kwa wengi, nafuu ya wiki kadhaa. Usikubali kuchomwa tena na tena. Sindano hizo zikirudiwa zinaweza kudhoofisha fashia hadi ikakatika, au kukondesha pedi ya mafuta iliyo chini ya kisigino, na pedi hiyo ikishakonda hairudishwi kwa urahisi.

Sasa tepu. Mdogo wako ana hoja, ila sina hakika kama mnazungumzia tepu moja. Ninayokushauri ni plasta ngumu ya kitambaa, isiyovutika, ya roli, upana wa sentimita mbili na nusu hadi nne, inayouzwa famasi. Zile za rangirangi zinazovutika, unazoziona mabegani mwa wachezaji, ushahidi wake kwa kisigino ni dhaifu zaidi. Ufungaji wenyewe unaitwa Low-Dye, kwa jina la Ralph Dye, tabibu wa miguu wa Marekani. Kazi yake ni kushikilia uvungu wa mguu usishuke sana unapokanyaga, hivyo fashia inavutwa kidogo kuliko kawaida. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, wenye watu 92, ulionyesha kuwa waliofungwa tepu hiyo kwa wiki moja walipata nafuu ya maumivu ya hatua za kwanza kuliko wasiofungwa. Baadhi yao walilalamika kubanwa au kuwashwa.

Sikiliza vizuri lakini: wiki moja. Tepu haiponyeshi fashia. Inakununulia siku chache za kutembea bila kuchechemea, na katika siku hizo unaanza yale yanayoponya. Ukiifunga miezi mitatu mfululizo bila kufanya kingine, utakuwa umenunua plasta tu. Mimi huitumia pia kama kipimo. Mgonjwa akifungwa leo, na kesho alfajiri akaniambia amepungukiwa nusu ya maumivu, najua kisigino hiki kinapenda kusaidiwa uvungu, na huenda soli nzuri ya ndani ya kiatu itamfaa.

Mwambie mdogo wako akufunge, maana mwenyewe hutaufikia mguu vizuri. Osha mguu, ukauke kabisa, usipake mafuta. Kaa, mguu uning'inie, kifundo kiwe kama umesimama. Kipande cha kwanza kianzie upande wa nje, nyuma kidogo ya kidole cha mwisho, kizunguke nyuma ya kisigino, kije upande wa ndani hadi nyuma ya kidole gumba. Halafu vipande vifupi vipite chini ya unyayo kutoka nje kwenda ndani, kila kimoja kikilalia nusu ya mwenzake, kuanzia kisigino kwenda mbele. Anapovuta kuelekea ndani ndipo anapoinua uvungu, kwa hiyo asivute kinyume. Amalizie kwa kurudia kile kipande cha kwanza juu ya ncha zote. Asizungushe tepu duara kamili juu ya mguu, itakata damu. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au ngozi ikiwasha, toa papo hapo. Vinginevyo ikae siku mbili au tatu, kisha ilainishe kwa mafuta ya nazi ndipo uibandue polepole, na uipumzishe ngozi usiku mmoja kabla ya kufunga tena.

Umetaja udhu, na wenzako wengi huniuliza hili kliniki kwa sauti ya chini. Tepu hii inafunika sehemu ya mguu inayopaswa kuoshwa. Mimi si wa kutoa fatwa. Muulize shekhe wako kuhusu kupangusa juu ya bendeji ya tiba, ni suala wanalolifahamu vizuri. Upande wa afya ninachoweza kukuambia ni kwamba maji yenyewe hayaharibu tiba, lakini tepu mbichi mara tano kwa siku, katika joto letu hili, huozesha ngozi iliyo chini yake. Ikaushe kwa taulo kila mara. Kama shekhe atakuambia uitoe, usihuzunike, kiatu chenye uvungu mzuri kinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Pia jihadhari katika sijda na tahiyatu: vidole vikikunjwa, winchi ile inavuta fashia kwa nguvu. Unyooshe mguu kabla ya kusali kwa namna nitakayokueleza hapo chini, na kama bado unauma, kalia kiti kwa muda.

Tuje kwenye mashine. Hofu kwamba inavunja mfupa ina asili yake. Teknolojia hii ilianza kutumika kwa wagonjwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980, kwa ajili ya kuvunja mawe ya figo bila kupasua. Baadaye mawimbi hayohayo, kwa nguvu tofauti, yakaanza kujaribiwa kwenye kano na fashia, na mwaka 2000 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikaidhinisha mashine ya kwanza kwa maumivu haya ya kisigino. Kwenye kisigino hakivunjwi kitu. Mawimbi yanaipigapiga tishu iliyochakaa ili mwili uamshe ukarabati uliokwama, na pia yanazituliza ncha za neva zinazopeleka maumivu.

Zipo za aina mbili. Moja huyalenga mawimbi yakutane ndani, kwenye kina maalumu. Nyingine, ambayo ni ya bei nafuu na ndiyo iliyoenea zaidi kwenye kliniki, ina kichwa kinachogonga ngozi haraka haraka na nguvu yake husambaa kadiri inavyoingia ndani. Zote mbili zimesaidia watu. Unapakwa jeli, unapigwa mapigo kama 2,000 kwa dakika chache, na huwa mara moja kwa wiki kwa wiki tatu. Inauma, sitakudanganya. Mtaalamu mzuri huanza na nguvu ndogo akaongeza kadiri unavyostahimili. Usichomwe ganzi kabla, kwa sababu majaribio yaliyotumia ganzi yalipata matokeo hafifu zaidi, na pia maumivu yako ndiyo yanayomwonyesha mtaalamu mahali pa kupiga. Baada ya hapo kisigino kinaweza kuwa chekundu au kuuma siku moja mbili.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2002 jaribio kubwa lililofanyika Melbourne, Australia, halikuona tofauti kati ya mashine halisi na ya kuigiza. Majaribio mengine yaliyofuata, yakiwemo ya wagonjwa walioumwa zaidi ya miezi sita na kushindwa tiba nyingine, yalionyesha faida. Nikiyaweka pamoja na ninayoyaona kwa macho yangu, msimamo wangu ni huu: ni tiba ya maana kwa kisigino sugu kilichokwisha kupewa mazoezi ya kweli yakashindikana. Nafuu yake huja polepole, wiki hadi miezi mitatu, kwa hiyo anayekuahidi utatoka kliniki unaruka, mshuku. Kwa kisigino ambacho hakijawahi kunyooshwa wala kuimarishwa, haina haraka. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2010 ulilinganisha mashine na zoezi la kunyoosha kwa watu ambao maumivu yao hayajazidi wiki sita, na zoezi, ambalo ni la bure, likashinda. Maumivu yako ni ya muda mrefu kuliko ya watu hao, lakini katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu yeyote amekufundisha kunyoosha mguu. Umepewa vidonge, sindano, na sasa mashine. Hilo limeniuma kulisoma.

Presha iliyodhibitiwa peke yake haikuzuii kutumia mashine. Inayozuia ni ujauzito, ugonjwa wa damu kutoganda au dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, uvimbe wa saratani au maambukizi mahali panapopigwa. Kama kati ya dawa zako ipo aspirini ndogo, iseme. Sema pia tarehe ya ile sindano, wengi wetu tunasubiri wiki sita zipite.

Kwa hiyo agizo langu la mpangilio ni hili, na linalingana na mwongozo uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza: wiki sita za kunyoosha, tepu na kurekebisha mzigo, ndipo mashine kwa atakayebaki na maumivu.

Kunyoosha kwenyewe kufanye kabla mguu haujagusa sakafu. Kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole vyote uvivute kuelekea ugoko mpaka uvungu wa mguu ukaze kama kamba ya kuanikia nguo. Ushike kwa mkono wa pili uhisi ulivyokaza. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya mara tatu kwa siku, na ya alfajiri usiikose kwa lolote. Vigimbi navyo vinyooshe ukiwa umeegemea ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini.

Baada ya wiki mbili, maumivu yakianza kulegea, ongeza zoezi la nguvu, na hili ndilo ninaloliamini zaidi. Viringisha kanga nene, iweke kwenye ngazi chini ya vidole vya mguu ili vielekee juu. Shika ukuta. Panda kwa vidole kwa sekunde tatu, tulia juu sekunde mbili, shuka sekunde tatu. Mara 12, raundi tatu, siku moja ndiyo, moja hapana. Anza kwa miguu yote miwili, kisha mguu mmoja, baadaye ubebe begi lenye mchele mgongoni. Watafiti wa Denmark walilijaribu, na baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi hili walikuwa mbele ya walionyoosha peke yake. Litauma kidogo. Maumivu ya tatu au nne kati ya kumi yanakubalika, mradi kesho yake asubuhi usiwe mbaya zaidi.

Sehemu ya fedha za mashine itumie kwenye miguu. Ndala iliyolika hadi unahisi kokoto haifai hata kwa kwenda bafuni. Tafuta raba zenye kisigino kilichoinuka kidogo na soli isiyokunjika katikati. Za mtumba pale Karume zinafaa kabisa kama soli haijakandamizwa upande mmoja. Tenga sendozi safi za ndani peke yake, ziwe pembeni ya kitanda, ili desturi ya kuvua viatu mlangoni ibaki na wewe usikanyage vigae peku. Dukani weka stuli, kaa dakika chache kila saa, na pale unaposimama tandika mkeka wa mpira. Kama uzito umeongezeka miaka ya karibuni, kuupunguza kunasaidia, ila usisubiri upungue ndipo uanze mazoezi.

Yote haya nimeyasema bila kukushika mguu, na hapo ndipo mipaka yangu ilipo. Minya kisigino chako kwa viganja, upande wa kushoto na kulia kwa pamoja. Kama maumivu makali yako hapo pembeni kuliko chini, mfupa wenyewe unaweza kuwa na ufa, na ufa wa mwanzo unaweza usionekane kwenye eksirei. Nenda ukaonwe. Nenda pia kama unyayo unawaka moto au kufa ganzi, kama maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala tu, kama kuna joto, uvimbe au homa, kama ulisikia kitu kimekatika ghafla, au kama visigino vyote viwili vinauma na mgongo unakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa. Wasomaji wengine wenye kisukari na miguu iliyopoteza hisia, msifunge tepu kabla ya kuonwa. Si lazima kuanzia kliniki ya bei kubwa: ulizia idara ya fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, na wakiona kuna jambo la mfupa watakuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili.

Chukua daftari la duka, kila asubuhi andika namba kutoka sifuri hadi kumi ya maumivu ya hatua ya kwanza. Ikiwa leo ni nane na wiki ya sita ni nne, endelea na kanga yako kwenye ngazi hadi miezi mitatu itimie. Ikiwa bado ni saba na umefanya kila nilichosema, rudi kwenye kliniki ile. Waulize mashine yao ni ya aina gani, nani ataishika, na kama watakuruhusu ulipie kipindi kimoja kimoja. Mazoezi usiyaache wakati wa vipindi hivyo.